Kwaresima ya Muuza Sigara

Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani zilianza wiki moja, na mimi kazi yangu ilikuwa kuuza sigara. Naomba msomaji asimame hapo kidogo anionee huruma, maana ofisini hakunionea mtu.

Eneo langu lilianzia Mbinga mjini, likapanda kwenye vijiji vya milimani vinavyolima kahawa, likateremka kwa lami hadi Mbamba Bay, halafu likafuata barabara ya tope kando ya ziwa, kupitia Lundo hadi Ngumbo. Kampuni ilinipa gari dogo lenye rangi zake, simu yenye programu yake, na fulana ambayo mama yangu hakutaka kuiona imeanikwa uani kwake. Sigara zenyewe zililetwa na lori la muuzaji wa jumla. Mimi niliingia duka kwa duka: nasalimia, naangalia pakiti zilizobaki, nafuta vumbi kwenye kabati la kioo, napiga picha, nambembeleza mwenye duka aongeze mzigo. Ni kazi ya kubembeleza watu wazima kutwa nzima, halafu jioni unaiambia simu kwamba umebembeleza.

Sasa nieleze Kwaresima ya kwetu, kwa sababu bosi wangu sidhani kama ameielewa hadi leo. Kwetu milimani watu hawafungi kimya kimya. Jioni ya Jumatano ya Majivu jumuiya inakutana nyumbani kwa mmoja wao, watu wakiwa bado na majivu kwenye paji la uso, na baada ya sala mwenyekiti anazunguka kuuliza, na wewe unaacha nini? Kina mama wanaacha nyama, wengine sukari kwenye chai. Wanaume wanaacha pombe na fegi. Mtu aliyevuta tangu ujana wake anasimama mbele ya majirani, anasema naacha sigara hadi Pasaka, na kesho yake ameacha kweli. Akionekana anavuta Alhamisi, Ijumaa kwenye Njia ya Msalaba kigango kizima kinajua. Basi wiki ile ya kwanza nikapita maduka ya milimani, na kila mwenye duka akanipa jibu lilelile, kwamba niende salama nirudi Pasaka.

Kulikuwa na mlango mmoja tu. Wanaume wa kwetu wameshikilia kwamba Dominika hazihesabiwi kwenye siku za mfungo, na kwa hilo hawasikii la mtu. Misa ikiisha, kabla katekista hajafunga mlango wa kanisa, dukani panafuka moshi. Wanavuta ya Jumatatu, wanavuta ya Jumanne, wanavuta akiba. Mauzo yangu yote ya milimani yakawa yanafanyika Jumapili, kati ya Misa na chakula cha mchana. Na ile programu, jamani, Jumapili haifunguki. Ukiibonyeza inakuambia leo si siku ya kazi, pumzika. Hivi mtu anapumzikaje hapo?

Nikasema basi, ziwani nitapata nafuu. Mbamba Bay mteja wangu mkubwa alikuwa mzee mmoja Mwislamu, mpole sana, ambaye babu yake alitoka pwani na kuhamia ziwani na biashara ya nguo. Nilipoingia dukani kwake nikakuta kabati langu la kioo limefunikwa kanga ya mkewe kuanzia juu hadi chini. Akanieleza kwamba hawezi kutazamana na watu mchana wa Ramadhani huku madude yale yametoa macho. Akishafuturu anaifunua, na wateja wanakuja kwa wingi. Sawa. Lakini aliyeitengeneza programu aliamua kwamba binadamu wote wananunua sigara kabla ya saa kumi na moja jioni. Nikapiga picha hivyohivyo, kanga na yote. Simu ikajibu bidhaa haionekani, piga tena. Nikapiga tena. Bidhaa haionekani. Nikasimama pale nagombana na simu kama kichaa, mpaka mzee wa watu akanihurumia na kunikaribisha futari.

Nikabakiwa na Lundo na Ngumbo. Huko wavuvi wa dagaa wanavuta bila kuuliza kalenda ya padri wala ya shehe, na niliendesha kwenye tope lile nikiwa na matumaini yote. Nikafika, Ramadhani imefika katikati na mbalamwezi imetanda. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawazifuati taa, mitumbwi inalala mchangani, na mvuvi asiyevua hanunui hata kiberiti. Wakaniuzia samaki wa kukaanga, mbasa wawili, ndiyo biashara pekee iliyofanyika Ngumbo siku ile.

Bosi wa kanda akapiga simu. Nikamweleza Kwaresima. Nikamweleza Ramadhani. Nilipofika kwenye mbalamwezi akanikatiza, akauliza kwa sauti ya upole kabisa kama ina maana hata mwezi wa mbinguni unatupinga. Nikamwambia ndiyo, mkuu, na wenyewe pia. Akanikumbusha kwamba mkataba wangu unaisha mwishoni mwa Aprili, na kwamba atakuja mwenyewe aone hilo soko.

Sasa baba. Baba alivuta tangu mimi sijazaliwa, na hakuwahi kuvuta kwa siri wala kwa aibu. Kipupwe kilichopita, baridi ya milimani ilipoanza kuuma, alikohoa mpaka tukamlaza hospitali, na daktari akatuita nje ya wodi, mimi na mama, akatuambia bila kuzunguka kwamba mapafu yamechakaa. Kipupwe kingine kikimkuta bado anavuta, alisema, msitegemee atakivuka. Baba mwenyewe akaambiwa vilevile. Akaacha, akarudia. Akaacha tena, na mama akauona moshi unapanda katikati ya mibuni, siku ambayo hakuna mtu aliyekuwa anachoma takataka. Alikuwa anajaribu kweli, nisimsingizie, lakini hakuweza.

Jumatano ya Majivu akasimama kwenye jumuiya. Akasema naacha sigara, na Dominika zangu mimi zinahesabiwa. Mama alinisimulia kwamba alilia palepale, kwa sababu katika maisha yake yote baba hajawahi kuvunja neno alilolitoa mbele ya jumuiya. Hesabu ya mama ilikuwa rahisi: akifika Pasaka, mwili utakuwa umesahau, na baridi itamkuta safi. Nyumba yetu nzima ikawa inaishi kwa hesabu hiyo.

Na mimi nikapigwa marufuku. Mama alinipigia simu akaniambia nisikanyage nyumbani hadi Pasaka.

"Gari lako linanuka, nguo zako zinanuka, na wewe mwenyewe unanuka," akasema.

Nikamwambia mama, mimi sivuti, sijawahi kuvuta. Akasema anajua, na nisije. Mtoto wa kwanza mimi! Maharage ya kwetu yakawa yananifikia kwa bodaboda kwenye chumba nilichopanga Mbinga, na ujumbe kwamba fulana nifulie hukohuko. Nilikasirika, tena sana, hasa kwa sababu alikuwa sahihi. Nikipita barabara ya chini ya shamba letu niliwaona kina mama mlimani wanachimba mashimo ya ngolo ya kupandia maharage, na pembeni kofia ya baba, anafyeka majani. Nilikuwa napiga honi, naye ananyanyua panga. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu Kwaresima nzima.

Bosi akaja. Sitaki kumchora vibaya, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mnene, mcheshi, amevaa viatu vya moka vilivyong'aa, na havuti, kwa sababu ana shinikizo la damu na mkewe ni mkali. Akafungua ramani kwenye simu yake, milima yetu yote imejaa nukta nyekundu, maana yake sifuri. Akauliza inakuwaje. Mimi, kwa kutaka kujitetea, nikamweleza habari ya Dominika. Macho yakamng'aa. Akasema basi twende Jumapili, tukaone kwa macho yetu. Nikamtajia vijiji viwili vizuri, karibu na lami. Akaweka kidole kwenye nukta nyekundu kuliko zote, na ilikuwa kijiji chetu. Nikamwambia pale ni nyumbani, mkuu, twende kwingine. Akafurahi zaidi, akasema vizuri, atawasalimia na wazazi.

Jumapili asubuhi nilimpigia mama ili baba apitie njia ya nyuma. Simu haikupatikana. Mama akienda Misa huzima simu tangu anapovaa viatu, na mimi hilo nalijua miaka yote. Nilimlaani aliyegundua kitufe cha kuzimia simu, nikawasha gari.

Tulifika watu wanatoka kanisani. Duka liko juu kidogo ya kanisa, na wanaume walikuwa wameshatangulia, moshi unapanda. Bosi akasimama akiwatazama kama mtu aliyeonyeshwa chemchemi jangwani. Akawa ananipiga begani, anasema kumbe soko lipo. Na mimi nikamwona baba, anapanda kuja kwetu. Mwaka uliopita kile kilima cha dukani alikuwa anasimama katikati yake, ameshika kiuno, anatafuta pumzi. Siku ile alikuja moja kwa moja, koti lake la Jumapili limefungwa vifungo vyote, uso umefunguka kwa sababu ameliona gari langu. Nilifurahi mpaka nikasahau nipo na nani.

Nikamsalimia shikamoo, akanivuta mkono akawa hauachii. Nikamtambulisha kwa bosi. Bosi alikuwa na adabu zake. Aliinama, akasema shikamoo mzee, akauliza habari za kahawa. Baba akamshika mkono kwa mikono yote miwili. Alijua huyu ndiye mtu wa mkataba. Kijiji kizima kilijua, kwa sababu mama alishauweka mkataba wangu kwenye nia za Misa.

Bosi akarudi kwenye gari, akatoka na pakiti mpya. Akapiga goti nusu, mbele ya watu wote wale, akampa baba kwa mikono miwili, akisema mzee umetulelea kijana mzuri, pokea zawadi yetu.

Kwetu zawadi ya mgeni iliyotolewa hivyo haikataliwi. Akiwa ndiye ameshika ugali wa mwanao, ndiyo kabisa. Baba akaipokea, akashukuru. Nikajua ataitia kwenye koti, mama ataitupa chooni, yaishe. Bosi akamwomba ajaribu moja, atuambie ladha yake.

"Mimi nimefunga, baba," baba akamwambia taratibu.

"Leo Dominika, mzee. Dominika hazihesabiwi, au siyo?"

Akanigeukia mimi, anacheka, nimthibitishie. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe. Kabla sijamjibu, baba alinitazama mara moja, akaitazama fulana yangu, akaichana karatasi ya pakiti. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa amekaa kwenye benchi na fegi yake mwenyewe vidoleni. Aliishusha chini ya paja. Baba akaiweka sigara mdomoni. Bosi akasogeza kiberiti cha gesi, kikawaka.

Niliichomoa. Nilinyoosha mkono nikaichomoa sigara kwenye midomo ya baba yangu, nikiwa nimevaa fulana ya kampuni, pembeni ya gari la kampuni.

"Usivute, baba," nikasema. "Hii itakuua."

Na tuelewane hapa, watu hawakuduwaa kwa sababu ya sigara. Mtoto mwanamume, mtu mzima, amepeleka mkono kwenye kinywa cha baba yake hadharani, siku ya Dominika, kanisa limetoka. Mtu mmoja alisonya. Baba aliuangalia mkono wangu, akaiweka pakiti juu ya benchi polepole, akateremka kwenda nyumbani peke yake. Mama, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anafika na kina mama wenzake, alinipita bila kunisalimia, akamfuata.

Tulirudi Mbinga. Nusu ya njia bosi aliuliza kama mvua huwa nyingi hivi kila mwaka. Tulipofika hotelini kwake akashuka, akainama dirishani, akaniambia kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuona ofisa mauzo akifanya vile. Nikamwambia hata mimi sijawahi kumwona. Nilikuwa nimemchoka yeye na tumbo lake, nimemchoka baba na adabu yake, nimejichoka mwenyewe. Simu ikalia mfukoni, nikadhani ni mama. Ilikuwa ni programu, inanitakia mapumziko mema.

Kesho yake mwenyekiti wa jumuiya akanipigia. Akanihakikishia kwamba baba hakugusa tumbaku, mfungo wake uko palepale, lakini hasemi na mtu. Akasema sababu yangu wameielewa wote, ila mkono ni mkono, na lazima niende kuomba radhi inavyotakiwa. Nilijitetea kwenye simu mpaka sauti ikanikauka. Hivi nimwache avute? Mwenyekiti alinisikiliza hadi mwisho, akasema ndiyo, nimekuelewa, sasa njoo na jogoo.

Nikaenda kwa bodaboda, na shati ambalo halijawahi kuingia kwenye gari la kampuni. Mama alininusa mlangoni, akaniruhusu. Baba mdogo ndiye aliyenisemea, kwa Kimatengo, kirefu, mimi nimepiga magoti nimeshika jogoo anayenipiga mabawa usoni. Baba alisikiliza hadi mwisho, akasema amesamehe. Na kwa kuwa ilikuwa Kwaresima, hata jogoo wa msamaha hakuweza kuliwa. Alifungwa mguu kwenye mti wa uani, akawa anawika na kuchafua kila mahali hadi Pasaka.

Wiki Takatifu bosi akapiga simu. Mkataba umeongezwa. Nilikaa kitandani, nikamshukuru, nikamwambia baada ya yale nilidhani basi tena. Akashangaa. Akasema mkataba alishausaini zamani, kabla hajapanda gari kuja kwetu, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeomba eneo lile. Safari yenyewe alitaka tu kuona milima aliyokuwa anaisikia. Aliyasema hayo kirahisi, kama mtu anayekuambia saa. Nilitamani nimrushie simu yake na programu yake.

Pasaka jogoo akaliwa. Mchana, wanaume wakaelekea dukani kuvuta bila kuhesabu siku, na wawili walimpitia baba. Akawaambia watangulie. Akabaki kwenye kiti chake kibarazani, anachambua maharage kwenye ungo, kazi ambayo maisha yake yote aliwaachia wanawake. Vidole vilitaka kazi, nadhani. Nikakaa karibu yake nikaanza kuchambua na mimi.

"Wamekupa ule mkataba?" akauliza.

Nikamwambia wamenipa. Akatikisa kichwa, ameridhika. Kisha akauliza kama bosi alikasirika sana, na kama nilimwomba radhi na yeye. Hapo ndipo ningefunga mdomo, lakini nilikuwa bado na hasira na yule mtu, nikamweleza yote: kwamba hakukasirika, kwamba karatasi ilishasainiwa kabla hata hajafika kijijini, alikuja kutembea tu.

Baba aliacha kuchambua.

"Mimi nilijua nikiikataa ile sigara wewe umekwisha," akasema. "Nikasema Mungu ataelewa. Na haya mapafu, basi, yameshanifikisha umri huu, watoto wamekua."

Alikuwa anaongea na ungo, si na mimi. Akaokota punje moja iliyooza, akaitupa uani kwa kuku.

"Kumbe ningevuta bure," akasema.

Nikainamia ungo nikaendelea kuchambua maharage ambayo siyaoni, mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kwa nini tunachanganya mazuri na mabovu.